Shimo la Upande wa Barabara

Izigo, 11 Mei 1987

Naitwa Limbu, mwana wa Shilogile, kwetu ni Sengerema. Nimeanza kuandika kwa sababu mwaka huu kule kisiwani Bumbire alikufa mvuvi mwenzetu, na tulipotaka kupeleka habari kwao hakuna aliyejua kwao ni wapi. Tulimwita Fundi, tukamzika kama Fundi. Mimi nilifika darasa la tano, kuandika naweza. Nikifa huku, atakayefungua hapa ajue mimi ni nani na niko kwa nani.

Niko kwa wanawake watatu. Mkubwa ni Bibi Kokushubila, mwenye nyumba. Wa pili ni mkwewe, Ma Klaudia, mke wa mwanawe Damian. Wa tatu ni Adventina, binti wa Klaudia na Damian, miaka kumi na saba. Mwanamume hakuna. Mume wa bibi alikufa zamani. Damian alichukuliwa mgambo wakati wa vita, akavuka mpaka pale Mutukula na wenzake, hakurudi, na maiti haikuletwa. Mwaka wa nane huu. Lakini Ma Klaudia aliponiajiri asubuhi alisema, "Ukikata migomba ovyo, mume wangu akirudi atakufukuza mwenyewe." Nikadhani mume amekwenda Bukoba mjini.

Kazi yangu ni kuchuma kahawa, kuanika na kulima. Nalala kwenye banda la kahawa.

14 Mei

Mvua. Matoke asubuhi, matoke jioni.

15 Mei

Mvua. Nimeota ugali.

23 Mei

Wanawake hawa wananishinda kazi, naandika kweli. Bibi anachuma matawi ya chini akiwa amekaa kwenye kigoda, anakisogeza kwa kisigino bila kuinuka. Ma Klaudia anavuta matawi ya juu kwa ndoano ya mti. Adventina yuko katikati, anapokea, anamwaga, anarudi. Hawaambiani kitu. Kikapu kikijaa, mkono wa mwingine uko tayari pale.

Leo bibi aliniangalia muda mrefu. "Msukuma, unachuma kahawa kama unakamua ng'ombe."

"Ng'ombe anatoa maziwa, bibi. Huu mti unanipa siafu tu."

"Basi ubembeleze. Nyie mnawaimbia ng'ombe, tunasikia."

Adventina alicheka mpaka akamwaga kikapu. Ma Klaudia hakucheka. Yule mama ni mgumu kama jiwe la kusagia.

31 Mei

Nilitumwa kwa jirani kuazima ngazi. Nimerudi bila hamu ya kula. Kwa jirani kuna makaburi matatu mapya katikati ya migomba, yote ya tangu Krismasi, na nyumbani amebaki ajuza mmoja na wajukuu. Nyumba inayofuata imefungwa kabisa, nyasi zimeota mlangoni. Nilimuuliza Adventina, akasema, "Juliana." Ndivyo wanavyouita ugonjwa huu wa kukonda, kwa jina la kitambaa cha magendo kilichotoka ng'ambo pamoja nao. Alisema kama mtu anayetaja jina la shangazi yake.

3 Juni

Leo ndiyo nimejua niko kwenye nyumba ya namna gani.

Alikuja mzee Rwegasira, mdogo wa marehemu mume wa bibi. Ndiye mkubwa wa ukoo hapa. Ma Klaudia na Adventina walipiga magoti kwenye matope wakamwamkia, "Kaboneka waitu." Wanamwita Ta, yaani baba. Nyuma yake alikuja mtu mnene wa koti, na nilipomtazama nikamjua. Ni Mashauri, mnunuzi wa sangara, mtu wa kwetu Sengerema. Kule visiwani nusu ya mitumbwi ni yake.

Walisimama upande wa chini wa kibanja, shamba hili la nyumbani, ule unaogusa barabara. Ndiko kwenye kahawa nzuri. Ukitoa upande ule, hawa wanawake wanabaki na nyumba, makaburi na migomba ya kula tu.

"Mgeni huyu anataka kujenga ghala la samaki," mzee alisema. "Tunamuuzia huku chini."

Bibi alikuwa kwenye kigoda chake. "Huku ni kwa Damian."

"Damian amekufa, shemeji. Nilisema mwaka wa themanini, nimesema kila mwaka. Amekufa, hakuacha mtoto wa kiume, na kibanja cha asiyeacha mtoto wa kiume kinarudi kwa ukoo. Nyie mtakaa kule juu mpaka Mungu awachukue. Nani anawafukuza?"

Ma Klaudia alikuwa bado amepiga magoti. "Mume wangu amechelewa tu, Ta. Akirudi ataniuliza kahawa yake."

"Akirudi aje aniulize mimi."

Wazee wa ukoo watakaa Jumamosi ya mwisho ya Agosti, wakikubali, upande wa chini umekwenda.

Wakati wa kuondoka Mashauri alinivuta pembeni, akasema kwa Kisukuma, "Nikipata hapa, wewe ndiye msimamizi wangu. Nyumba ya bati. Acha kulala na kahawa." Nimechoka kulala na kahawa, siwezi kudanganya.

20 Juni

Jua. Tumeanika mikeka yote.

6 Julai

Bibi aliniita upande wa chini nije na jembe na sururu. Alikuwa amebeba kigoda chake mwenyewe. Akaonyesha mahali kati ya mistari miwili ya kahawa, hatua chache kutoka barabarani. "Chimba hapa. Urefu wa mtu."

"La nini, bibi?"

"La mtu."

"Nani amekufa?"

"Bado."

Nilisimama na jembe mkononi. Yeye akakaa. Nikachimba, yeye ananitazama, anakunja majani ya tumbaku. Nilipofika magotini akainama akaangalia ndani. "Panua kidogo huku, mimi nalala ubavu."

Nimechimba makaburi visiwani, mengi kuliko ninavyopenda kukumbuka. Sijawahi kuchimba la mtu anayenielekeza. Ma Klaudia alikuwa anachuma mti wa tatu kutoka pale na hakugeuka hata mara moja.

Adventina ndiye aliyenieleza baadaye. Alipolala mtu wa ukoo hapauzwi kwa mgeni. Kwa hiyo bibi ameamua atalala pale. "Atakayenunua atanunua na mimi," alimwambia Adventina, "na mimi nakoroma."

8 Julai

Mzee Rwegasira amesikia, amekuja, ameangalia shimo. Alicheka bila kelele, mabega tu.

"Shemeji, wewe ni mke. Damu yako ni ya kwenu Izimbya. Mke anazikwa ubavuni kwa mumewe, kule juu. Ukilala huku ni kama tumemzika mpita njia. Kinachoshika ardhi ni damu ya ukoo."

Mimi nilikuwa tayari nimeshika koleo nifukie. Bibi akasema, "Limbu, liache wazi."

19 Julai, Jumapili

Leo nimeshtuka.

Waliporudi kanisani kulikuwa na mtu mlangoni, ameletwa kwa baiskeli kutoka mwaloni kwenye mitumbwi, amefungwa kiunoni na kanga asianguke. Bibi alitupa rozari akamkumbatia. Ni binti yake, Paskazia. Alikuwa ameolewa Kamachumu, akaachika, mahari ikarudishwa, akaenda visiwani kutafuta maisha.

Mimi namjua. Alikuwa na mgahawa Bumbire. Alikuwa mnene, kicheko chake kinasikika mpaka kwenye mitumbwi. Mwaka jana nilimtaka, na alinikataa mbele ya watu, akasema nikaoge kwanza. Nilimchukia mwezi mzima. Leo nimeona mifupa ya mabega yake na mdomo uliojaa vidonda vyeupe, nikakumbuka kukataliwa kule. Sijui kama alinikataa kwa sababu ya harufu yangu au kwa sababu alishajijua. Nilikwenda nyuma ya banda nikakaa.

"Limbu," aliniita baadaye. "Umeoga?"

"Nimeoga, dada."

"Umechelewa."

Ma Klaudia aliingia ndani bila kumsalimu wifi yake. Alitoka na kikapu akaenda kuchuma, siku ya Jumapili.

21 Julai

Adventina ananiambia mambo tukianika. Hawa mawifi hawajasemezana tangu mwaka wa themanini. Paskazia ndiye aliyeleta habari kwamba Damian ameonekana Masaka, ng'ambo ya mpaka, ana mwanamke, ana duka la baiskeli. Ma Klaudia alimwuliza mara moja tu, "Nani amekuambia?" Akajibiwa, "Dereva wa lori." Tangu hapo hakumfungulia mdomo tena.

"Lakini mama aliamini," Adventina alisema. "Ndiyo maana anasema amechelewa tu."

25 Julai

Paskazia aliomba apelekwe akaone kahawa. Nilimbeba mgongoni, ni mwepesi kuliko gunia. Akaliona shimo.

"Zuri hilo. La nani?"

Adventina akaeleza yote: Mashauri, Jumamosi ya mwisho, damu ya ukoo.

"Basi mbona mnahangaika," Paskazia alisema. "Mimi nimezaliwa humu. Mahari yangu ilirudi. Au damu yangu nayo wamerudisha?"

"Nyamaza," alisema bibi.

"Mama, ninakwenda hata hivyo. Tofauti ni kwenda juu au kwenda chini."

Bibi alisimama. Sijawahi kumwona anasimama haraka. "Nitakiuza kibanja hiki mwenyewe, kwa mkono wangu, kabla sijakuhesabia siku." Akampiga kofi. Kofi lenyewe halikuwa na nguvu, lakini mtu mgonjwa vile. Kisha akamfuta uso kwa kanga yake. Mti wa tatu kutoka pale Ma Klaudia alikuwa ameshika tawi, halichumi wala haliachii.

2 Agosti

Sielewi watu wa dunia hii, nataka niandike kama ilivyokuwa.

Mzee Rwegasira amekuja na kibuyu cha maziwa. Amekaa karibu na mkeka wa Paskazia, yeye ambaye wiki iliyopita alipita kwa mbali na kitambaa puani. "Kunywa, mwanangu. Kunywa upate nguvu."

Paskazia alimtazama. "Ta, tangu nizaliwe hujanipa hata ndizi mbivu."

"Mambo ya zamani hayo. Kunywa."

Niliposikia habari imefika kwake kuwa Paskazia anataka shimo lile ndipo nikaelewa. Anataka aishi. Aishi mpaka Jumamosi ya mwisho, shamba liuzwe, halafu shauri yake.

6 Agosti

Maziwa kila asubuhi. Mayai pia. Mashauri ameleta vichwa vya sangara vya mchuzi. Jumapili katekista Aroni alitangaza kanisani kwamba mzee Rwegasira ameombea misa afya ya binti wa kaka yake, na watu wa nyuma wakakohoa kuficha kicheko.

Paskazia mwenyewe anacheka. "Limbu, ningejua baba mdogo ananipenda hivi ningeugua mapema."

Na amepata nguvu kweli. Anakaa, anachambua kahawa mbovu na nzuri. Bibi anamtazama anavyochambua na uso wake unang'aa. Mimi nimebaki na mshangao. Anayewatakia hawa wanawake mabaya ndiye anayemlisha mtoto wao, na maziwa ni maziwa.

11 Agosti

Kazi tu. Mgongo.

14 Agosti

Nilikwenda kujisaidia nyuma ya kahawa nikamkuta Paskazia ameinama anamwaga maziwa kwenye shina la mti. Ardhi pale ilikuwa na harufu ya kuchacha, kumbe si mara ya kwanza. Vidonge vya hospitali pia vilikuwepo, vyeupe kwenye udongo.

"Usiseme," aliniambia.

"Tangu lini?"

"Tangu nilipoona nanenepa. Siku zimebaki chache, Limbu. Jumamosi ile nataka wakute nimeshalala."

Nilimrudisha mkekani. Mchana kutwa sikuchuma kitu cha maana. Nikinyamaza, upande wa chini unapona na huyu anakufa haraka. Nikisema, huyu anaishi wiki chache na mimi napata nyumba ya bati kwa Mashauri. Mimi ni kibarua, sikuajiriwa kuchagua haya. Kumwambia bibi siwezi, atavunjika. Jioni jua bado lipo nikamwambia Ma Klaudia kwenye mikeka. Aliendelea kugeuza kahawa kwa reki mpaka mwisho wa mkeka. Halafu akaugeuza ule ule tena.

15 Agosti, sikukuu ya Bikira Maria kupalizwa

Walirudi misani na nguo zao nzuri. Ma Klaudia hakubadilisha. Alikwenda moja kwa moja mpaka kwa Paskazia, akasimama juu yake. Mimi na Adventina tulikuwa tunakusanya kahawa, tukaacha.

"Unajiua ili nikushukuru?"

Paskazia aliinua uso. Miaka saba hakuwa amesikia sauti ile ikimwelekea. "Sitaki shukrani yako."

"Unataka nini?"

"Kaa chini, wifi. Siwezi kuongea na magoti yako."

Ma Klaudia akakaa, na gauni lake la kanisani, kwenye maganda ya kahawa.

"Damian hayuko Masaka," Paskazia alisema. "Hakuwahi kuwa Masaka."

"Ulisema dereva."

"Hakuna dereva. Mwenzake Rugambwa alikuja akaniambia mimi, aliogopa kumwambia mama. Walikuwa wote. Alimwona Damian anaanguka karibu na daraja, akamgeuza, akamwona macho yamezimika. Wakaambiwa songa mbele, wakamwacha. Mama alikuwa hali wakati ule, unakumbuka. Hata maji alikuwa anatema. Nikasema nikimwambia hili leo, kesho nina maiti mbili. Nikasema ameonekana Masaka. Wakaniuliza anafanya nini Masaka. Nikasema ana mwanamke. Ana duka la baiskeli."

"Duka la baiskeli," alisema Ma Klaudia.

"Nilipita mbele ya moja siku ile Bukoba. Ndilo lililonijia."

"Mimi nalijua lile duka." Aliongea taratibu, kama anayeeleza njia. "Lina mlango wa bluu. Mwanamke anakaa kulia, ni mfupi, ana mwanya. Nimemchukia kila siku. Nikilima namchukia, nikisali namchukia. Nikasema siku Damian akimchoka atarudi, akute kahawa ni nyingi kuliko alivyoiacha."

"Nilitaka kukuambia. Kila nikija nakuta umepanda mingine."

Nilidhani atampiga. Adventina naye alidhani, maana alisogea. Ma Klaudia alisema, "Rugambwa yuko wapi?"

"Amekufa mwaka juzi. Juliana."

Akainuka. Akachukua kikapu, akaenda upande wa chini na gauni lile lile, akachuma mpaka kikajaa. Aliporudi alimimina maziwa ya Rwegasira kwenye kikombe, akamshika Paskazia kisogo. "Kunywa. Kunywa nikuone."

Akanywa. Ma Klaudia akaangalia mpaka chini ya kikombe.

16 Agosti

Ma Klaudia alimweleza bibi leo, mbele yetu sote, maana hakutaka kuongea naye peke yake. Bibi alikuwa anamenya ndizi. Hakuacha kumenya.

"Nilijua siku ile ile," alisema. "Damian na duka? Damian hajui hata chenji. Kila akitumwa sokoni anarudi amepunjwa."

Paskazia alifunika uso. "Mama, ulikula."

"Nilikula. Mtoto wangu alikuwa amehangaika kutunga, nikaona nikikataa nitampoteza na yeye."

"Na mimi?" Ma Klaudia aliuliza. "Ukaniacha mimi niamini?"

Bibi akaacha kumenya. "Nilikuona unapanda kahawa unaimba. Nikasema nimwache leo. Kesho nikasema nimwache leo."

Mimi ni mgeni hapa, lakini nimesikia kitu ambacho hata padri hajasikia. Mama na bintiye, miaka saba, kila mmoja anamlinda mwenzake na habari ile ile.

Jioni Ma Klaudia alikuja bandani. "Limbu, lile shimo. Damian ni damu ya ukoo?"

"Hivyo nasikia, mama."

"Basi tutamzika."

27 Agosti, Alhamisi

Nimechoka lakini lazima niandike leo.

Mtu aliyepotea na maiti haipo, huku wanamzikia mgomba badala yake. Ma Klaudia alitangaza msiba tangu Jumatatu. Watu walifurika, maana walikuwa wamengoja msiba huu muda mrefu kuliko wafiwa wenyewe. Bibi alisema mgomba hauhitaji kina cha mtu, nikafukia shimo mpaka likabaki usawa wa kiuno. Nilitumwa kuleta mgomba ambao haujazaa, nikang'oa mmoja mzuri, nikauleta. Nilikuwa nimeuviringisha mwenyewe kwa lubugo, nguo ya gome la mti wanayozikia wakubwa wao.

Aroni alisoma sala za marehemu, na kabla mgomba haujashushwa akaaga, akasema ana mgonjwa. Wakamwacha aende.

Mzee Rwegasira alikuja wa mwisho. Alisimama ukingoni akaelewa. Niliuona uso wake unavyofanya kazi. Akisema Damian hajafa, hawezi kuuza mali ya mtu aliye hai. Akisema amekufa, analala hapa.

"Huku chini?" alisema. "Nafasi ipo kule juu kwa baba yake."

Bibi alijibu kwa Kihaya, Adventina akaninong'oneza. "Shemeji, mwaka wa themanini ulisema amekufa, nikakubishia. Nakuomba radhi. Njoo umtupie udongo, wewe ndiye baba yake sasa."

Watu wote wakamtazama. Mkubwa wa ukoo ndiye anayeanza. Alichukua udongo, akaushika mkononi kama anaupima, akautupa. "Mmenikamata," alisema kwa sauti ndogo, na nadhani ni mimi tu niliyesikia.

Ma Klaudia hakulia mpaka udongo ulipofika juu. Ndipo akatoa sauti ambayo sijui ilikuwa wapi muda wote huu. Nilikuwa naiita ngumu roho yake. Nimefuta neno hilo.

29 Agosti

Wazee wamekaa, wamekunywa rubisi, pombe yao ya ndizi, wameinuka. Hapauzwi kwa mgeni. Mashauri alipita barabarani na gari, akashusha kioo. "Limbu, mtu wa kwetu." Akapandisha kioo.

9 Septemba

Maziwa hayajaletwa tangu mazishi. Wala mayai. Paskazia anasema baba mdogo amepona mapenzi.

Ma Klaudia amenyoa nywele, analala chini kwenye nyasi kama mjane inavyompasa. Leo alinikuta napiga kahawa kavu itoke maganda. Akasema, "Kule darajani hawakumuua. Kule alianguka tu. Nimemuua mimi, Alhamisi ile." Akachukua kibuyu akaenda kwa jirani mwenye ng'ombe, mbali, kumtafutia wifi yake maziwa.

30 Septemba

Mvua zimeanza. Kahawa ya mwisho.

18 Oktoba, Jumapili

Adventina ndiye aliyeona. Alikuja anakimbia, hawezi kusema, ananivuta shati.

Juu ya kaburi la Damian limechipuka jani. Kijani, limekunjwa kama sigara, refu kama mkono. Kabla ya saa sita kijiji kizima kilikuwa pale. Wanawake wengine walipiga magoti. Mmoja akasema anarudi. Mwingine akasema yuko hai popote alipo, ndiyo ishara.

Mimi nilijua ni nini. Walipoagiza mgomba, mimi nisiyejua migomba niliung'oa mzima, na shina la chini na mizizi yake. Wao wanakata juu. Ulikuwa umeviringishwa nilipoufikisha, niliufunga mwenyewe, na hakuna aliyeangalia.

Mzee Rwegasira alikuja haraka, nyuma yake wazee wawili. Aliangalia jani, akaanza kucheka kwa mabega. "Aliye hai hazikwi. Hili si kaburi, ni shamba. Tutakaa tena."

Nikasema. Nilisema mbele ya wote, Kiswahili kikanikwama. "Ni kosa langu. Sikukata mizizi. Nilidhani mtu huzikwa na miguu yake."

Paskazia, aliyekuwa mgongoni mwa Adventina, alikuwa wa kwanza kucheka, na bibi akafuata, akacheka mpaka akatafuta kigoda chake kwa mkono. Lakini mzee alisema kosa au si kosa, kimeota, wazee wameona, na mtu aliyeota si marehemu.

Ndipo Ma Klaudia akaja. Watu wakampisha. Akapiga magoti mbele ya lile jani. Alilishika kwa vidole viwili, kwa upole, na nilimwona uso. Kwa muda ule alikuwa tayari kuamini. Hata mimi ningeamini, kwa uso ule. Bibi aliacha kucheka.

"Limbu, nipe jembe."

Alichimba mwenyewe. Hakumruhusu mtu. Alifika kwenye lubugo iliyooza, akaupata mgomba, akaukumbatia na kuuvuta mpaka ukatoka, mweusi chini, umejaa mizizi mipya myeupe. Akachukua panga akaipasua ile mizizi, mara nne, mara tano, mpaka hakukuwa na kitu cha kuota. Matope yalimfika machoni.

Kisha akamgeukia Rwegasira, bado amepiga magoti. "Ta, mwaka wa themanini ulisemaje?"

Mzee aliwageukia wazee wake.

"Ulisema kila mwaka. Sema na leo. Mimi mkewe nasema amekufa. Mama yake anasema. Dada yake anasema. Wewe unasemaje?"

Wazee wawili walikuwa wanamtazama yeye, si jani tena. "Amekufa," mzee alisema.

"Wamesikia," alisema Ma Klaudia. "Limbu, lete mwingine."

Nilikwenda nikachagua mgomba mwembamba. Niliukata juu, mbali na ardhi. Nilipoufikisha hawakuufunga kwanza. Ma Klaudia alipitisha kiganja chini palipokatwa, polepole, kuzunguka kote, maji ya mgomba yakimchuruzika kwenye mkono.

"Haya," alisema. "Ushushe."